Tutakupigia Simu

Dada yangu mpendwa Lorna,

Nakuamkia kwanza, maana wewe ni mkubwa wangu. Natumaini goti limepoa na theluji ya huko Columbus imekwisha. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu. Gereji inakwenda. Watu hata wakiishiwa na kila kitu, tairi bado hupasuka.

Dada, shule yetu imestaarabika! Ile sekondari tuliyosoma mimi na wewe, iliyovuja hadi tukawa tunakaa darasani na makoti, imepata fedha za serikali za kuwaandaa watoto kwa chuo na kazi. Paa bado linavuja. Lakini karakana ya useremala nilimojifunzia kushika randa wameing'oa mashine zote, wakajaza viti laini vya rangi ya peremende, wakaiita Chumba cha Kesho. Mkuu mpya, Bi Whitcomb, mwanamke wa suti na meno mengi, alituambia wazazi kwamba siku hizi mtoto hahitaji kujua mambo, anahitaji kujua kujieleza. Nikamwuliza atajieleza nini kama hajui kitu. Akasema amefurahi sana nimeuliza swali hilo, kisha akamgeukia mzazi mwingine.

Nilimsema wiki nzima mezani. Unanijua. Nilisema mwalimu ni mtu aliyeshindwa kazi nyingine zote, na mkuu wa shule ni mwalimu aliyeshindwa hata hiyo. Binti yangu Delaney alikula viazi vyake kimya, nami nikadhani anacheka moyoni.

Basi Ijumaa wakafanya Siku ya Usaili. Waajiri wa mji hukaa mezani, na watoto wa mwaka wa mwisho huja mmoja mmoja kujifanya wanaomba kazi. Waajiri wenyewe sasa! Tangu kiwanda cha vioo kifungwe, tumebaki mimi wa tairi, Bwana Strickler wa mazishi, na msichana mmoja wa benki. Tulipewa karatasi ya maswali, na mwisho wake maneno ya kuagia: asante, tutakupigia simu. Hayo niliyasifu. Ndilo somo pekee la kweli pale, maana kiwanda kilipofungwa niliambiwa hivyo kila nilikobisha hodi, na simu haikulia hata siku moja.

Watoto wakaja na tai za baba zao, utadhani wanakwenda kuposa. Kila niliyemwuliza udhaifu wake alinijibu ati hujituma kupita kiasi. Wote, Dada! Hata mtoto wa Pruitt, ambaye nilimwajiri kiangazi nikamkuta kalala ndani ya tairi la trekta. Nilimwambia Strickler hawa atakuja kuwazika na jibu hilo mdomoni.

Kisha akaja Delaney. Nikamwita Bi Whitcomb, nikamwambia huyu ni binti yangu, apelekwe meza nyingine. Akatoa yale meno, akasema tujifanye hatujuani, ndiyo mazoezi mazuri. Delaney akanipa mkono, akajitaja jina lake lote, akakaa. Nikamwuliza udhaifu wake, huku nimeshajiandaa kucheka.

Akasema kwa kuwa hatujuani, atasema kweli. Udhaifu wake ni kwamba anamwogopa baba yake. Hampigi, hajawahi, ila ana mdomo, na chochote mtu anachokipenda yeye hukitemea mate, kwa hiyo amejifunza kuficha. Nikasoma swali lililofuata: miaka mitano ijayo anajiona wapi. Akasema humu humu shuleni, chumba cha juu kinachovuja, akifundisha hesabu. Akasema chuo cha ualimu cha huko kwenu kimemkubali tangu Machi, na shangazi yake ameshamwandalia chumba.

Kwa hiyo ulijua, Dada. Ulijua Pasaka ile ulipokuja ukanisikia nikiwatukana walimu, ukaniomba chumvi.

Alipomaliza aliniuliza kama naona anafaa. Lorna, wallahi nilitaka kusema ndiyo. Nikainamia karatasi nikasoma: asante, tutakupigia simu. Akashukuru kwa adabu kama wenzake wote, akainuka, na jioni ile ile akapanda basi kuja kwako.

Sisemi shule ile si upuuzi. Ni upuuzi mtupu, na Bi Whitcomb ni debe tupu, haliachi kuvuma. Lakini mtoto aliyeweza kunikalia mbele akanieleza vile bila kutetemeka, darasa gani litamshinda? Ningepiga leo, ila mdomo wangu siuamini, ndiyo maana nimeanza na kalamu.

Mwambie Delaney kwamba yule mwajiri wa tairi atapiga Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Simu ikilia, wewe usiinyanyue. Mimi na wewe tuna maneno yetu mbali. Apokee yeye. Mwambie safari hii italia kweli.

Wasalimie majirani, na goti ulikande.

Ni mimi mdogo wako,
Royce