Baba Nafula, Niliyemshusha Kwenye Kamba

Baba Nafula,

Sikuja kukuzika. Ijumaa ile basi la kwenda Webuye lilipong'oa nanga, mimi nilikuwa hapa Waithaka kwa mama yangu, nimejifungia chumbani na simu nimeizima. Wenzetu wote wa kazi walikuja. Hata Mutiso alikuja, na unajua vile msimamizi wetu hapendi safari. Niliwaambia nina homa. Sikuwa na homa. Niliogopa kusimama mbele ya jeneza lako, mimi niliyekusemea.

Mwaka umepita na zaidi. Leo ni Jumapili mchana, mama ameenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, na nimekaa mezani na daftari. Mama Nafula ameniambia kama nina neno na wewe nikuambie mwenyewe, nisimtume yeye. Haya basi.

Nilikuja kwenu nikiwa msichana wa pekee katika watu saba wa kuosha vioo vya maghorofa. Wengine walicheka. Wewe ulinipa kamba, ukaniambia nifumbe macho niipitishe vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kamba haijui jina lako," ulisema. "Ikague kila asubuhi kama hujawahi kuiona." Ulinikataza kupanda zaidi ya ghorofa ya pili mpaka miezi miwili ilipokwisha. Ukanifundisha kwamba kila mtu ana kamba mbili, moja ya kuning'inia na ya pili ya kumdaka ile ya kwanza ikimsaliti. Hiyo ya pili uliiita ya watoto. Nilipokwambia sina watoto ulisema, "Watakuja, mama." Ndivyo ulivyozoea kuniita. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniita hivyo.

Unakumbuka lile jengo la vioo vya kijani, Westlands? Tulikuwa tumeshuka hadi ghorofa ya nane, wewe upande wangu wa kulia. Nilisikia ndoo yako ikigonga kioo. Ko. Ko. Ko. Nikageuka. Ulikuwa umebandika viganja viwili kwenye kioo, mdomo wazi, unavuta hewa kama mtu ambaye hewa imemkataa. Ndani ya ofisi kulikuwa na mwanamke ameshika kikombe cha chai, anakutazama. Nilikuita mara tatu. Hukunisikia, au ulinisikia ukashindwa kujibu. Nikajisukuma na mguu mpaka nikafika nikashika mkanda wako, na tukakaa hivyo, watu wawili wananing'inia wakishikana, na huko chini magari yamesimama kwenye foleni kama kawaida.

Halafu ikaisha. Ulichukua kitambaa ukafuta alama za viganja vyako kwenye kioo. Mpaka leo hilo ndilo linaniuma zaidi.

Wakati wa chakula cha mchana uliniambia ilikuwa mara ya tatu kukukamata ukiwa juu. Ulisema, "Nahisi nakufa, halafu sifi." Ukaniomba nisimwambie mtu. Uliniuliza, "Nikitolewa kwenye kamba baada ya miaka kumi na minne, mimi nitakuwa nani?" Nikakuahidi kwamba sitasema.

Nilikaa na ahadi hiyo wiki tatu. Alhamisi moja ukavuka ukingo wa paa na kamba ya pili imelala nyuma yako, haijafungwa popote. Wewe. Nilipiga kelele. Ukaangalia, ukaifunga, ukacheka kicheko ambacho hakikuwa chako. Jioni hiyo hiyo nilienda kwa Mutiso nikamwambia yote.

Jumatatu ulipewa koti la rangi ya machungwa na ule utepe wa kuzuia watu wasipite chini yetu. Tulipokutana kwenye lango ulisema, "Kumbe ni wewe." Hukunitukana. Kuanzia siku hiyo ukaniita Wambui, na baadaye hukuniita chochote. Ulikuwa unatazama juu, unatuhesabu, ukinifikia unaniruka. Miezi mitano. Kisha ukaanguka nyumbani Jumapili, sukari na presha pamoja, wakasema, na Jumatano hukuwa nasi tena.

Sasa nikuambie yaliyonipata mimi.

Wiki sita baada ya mazishi nilikuwa ghorofa ya tisa, jengo lingine kabisa, asubuhi nzuri, hakuna upepo. Nilikuwa nafikiria chapati. Kweli. Ghafla kifua kikabana. Nikavuta pumzi, haikufika. Nikavuta nyingine juu yake. Vidole vikaanza kufa ganzi, kisha midomo, na moyo ukawa unapiga kama mtu anayevunja mlango. Nikajua nakufa. Sikuwaza, nilijua, vile mtu anavyojua jina lake. Na katikati ya hayo yote nikajiona kwenye kioo, mdomo wazi. Nilikuona wewe, Baba Nafula.

Niliposhuka nilidanganya. Nilisema maandazi ya asubuhi hayakunikaa.

Ikaanza kunifuata. Ilinikamata kwenye foleni ya duka. Ilinikamata kanisani katikati ya wimbo, nikatoka nje nimeshikilia ukuta, na wazee wa kanisa wakadhani nina mimba. Nikawa siendi popote bila kuangalia mlango uko wapi. Hospitalini walinipima moyo, wakapiga picha ya kifua, daktari akasema kila kitu ni kizima. Nilikasirika sana. Nilitaka wapate kitu, hata kibaya, mradi kiwe na jina. Mama alisema ni kazi ya wanaume niliyojitwika, niiache nimsaidie kukusanya kodi ya vyumba vyetu. Alisema hivyo akinisugua mgongo, kwa hivyo sikumjibu.

Aliyenisaidia ni muuguzi wa zahanati hapa karibu, mama wa makamo, Sista Rose. Hakunicheka. Aliniambia mwili wangu unapiga kengele ya moto na hakuna moto. "Ukisikia pumzi imekwama, usiivute," alisema. "Itoe. Kifua kimejaa tayari, na wewe unazidi kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa." Akanionyesha. Unatoa polepole ukihesabu, kama unapoza uji wa mtoto, unatoa mpaka tumbo liingie ndani, halafu unangoja, na hewa inarudi yenyewe. Akasema ikija nisiikimbie, kwa sababu ina mwanzo, ina kilele, na ina mwisho, na hakuna siku imewahi kukosa mwisho.

Kisha akaniuliza kama nimefiwa karibuni. Nikasema hapana. Hata pale, Baba Nafula. Nilikukana mbele ya mtu aliyekuwa ananitibu.

Nilifanya mazoezi kwenye ngazi za nyumba, nikiosha vyombo, nikingoja kuvuka barabara. Siku nyingine yanafanya kazi. Siku nyingine nahesabu na pumzi inanikatalia tu, na nabaki nimechuchumaa nikingoja ule mwisho aliosema. Kazini sikumwambia mtu. Niliendelea kupanda. Nilijiambia mimi ni kijana, mimi si wewe.

Halafu mwezi wa sita mwaka huu, nikiwa juu ya paa, nimeshakaa kwenye ukingo na miguu iko nje, nikapeleka mkono nyuma kwa mazoea kukagua kamba ya pili. Haikuwepo. Ilikuwa sakafuni, imelala.

Hakuna aliyeona. Kevo mwenzetu alikuwa amenipa mgongo anajaza ndoo. Niliingiza miguu ndani moja baada ya nyingine nikakaa kwenye lami ya paa, na nikafikiria mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, kwamba ningeifunga tu na nishuke, na dunia isijue. La pili, kwamba hapakuwa na Wambui wa kunisemea mimi.

Nilishuka kwa lifti. Nilimpata Mutiso kwenye maegesho nikamwambia, ile kitu ya Mzee, mimi pia ninayo.  Akasema, "Kwanza ulileta ya mzee, sasa umeleta yako. Enda uchukue utepe."

Nikavaa koti lako. Si kama lako, ni lile lile, mfuko umeraruka pale pale. Na ndipo nikajua nilichokufanyia. Sikujua kwamba watu wanaopita hawakuangalii usoni, wanaangalia utepe. Sikujua shingo inavyouma kwa kutazama wenzako siku nzima. Wiki ya pili nililia nyuma ya gari la maji, nikamaliza kulia, nikarudi kuzuia watu.

Baada ya mwezi Mutiso alinituma Spring Valley kuosha madirisha ya nyumba moja ya ghorofa, kazi ya ngazi tu. Nilikuwa kwenye dirisha la juu, mahali ambapo mtoto wa shule angeruka na asivunjike, na ikaja. Yote. Ganzi, moyo, kifua. Mwenye nyumba alikuwa chini anakata maua. Nilishika ngazi kwa mikono miwili nikatoa pumzi. Nikangoja. Nikatoa tena. Nikaiambia ile hofu polepole, nimekuona. Kilele kilikuja kikanitikisa mpaka ngazi ikagonga ukuta, na mwenye nyumba akainua uso akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, "Siko sawa, lakini itapita." Alisogea akashika ngazi kwa chini bila kuuliza zaidi. Ikapita. Nikamaliza dirisha.

Jumamosi yake nilienda kwenu Kangemi. Mama Nafula bado anashona sweta za shule kwa ile mashine yake, na Nafula ameingia kidato cha tatu, ni mrefu kuliko mimi. Nilimwambia mama yake kila kitu, ahadi niliyovunja, na homa ya uongo siku ya mazishi. Alikuwa anasikiliza huku anakata nyuzi. Nilimuuliza kama ulinisamehe.

Alisema, "Hapana. Alikukasirikia mpaka mwisho, sitakudanganya."

Nikaanza kuokota nyuzi zilizoanguka.

Kisha akaweka makasi chini. Akasema, "Lakini alilala." Miaka miwili, alisema, ulikuwa unaketi ukingoni mwa kitanda unahesabu pumzi, na yeye anajifanya amelala ili usione haya. Tangu ushushwe kwenye kamba ulikuwa ukiweka kichwa chini unalala kama mtoto mpaka asubuhi. Alisema, "Mimi nilitaka kuja kukushukuru. Yeye ndiye alinikataza."

Nilirudi nyumbani nikitembea. Sikujua kama nimebeba kitu kizito au nimekitua. Bado sijui. Jumatatu nilirudi kwa Sista Rose nikamwambia, nilifiwa, na jina lake lilikuwa Baba Nafula.

Mwezi uliopita Mutiso alinirudisha kwenye kamba, mwisho ghorofa ya nne, na lazima mtu mwingine akague mikanda yangu kabla sijavuka ukingo. Kabla ya kupanda niliwaambia wote, nikiwa nimesimama pale ndoo zinapojazwa. Nilisema nina hofu ambayo inanikaba pumzi, kwamba ikija naitoa pumzi polepole nikihesabu, Mzee pia alikuwa nayo, na mimi ndiye nilimsemea. Sauti ilinitoka vibaya.  Mmoja alicheka kidogo, akaacha.

Jioni tulipokuwa tunakunja kamba, Kevo, yule uliyekuwa unamkaripia kwa kuimba akiwa juu, alinisogelea. Alikuwa anaangalia kamba, si mimi. Akauliza, "Hiyo kitu ya kutoa pumzi. Unahesabu hadi ngapi?"

Nikamwambia sita, na asilazimishe. Sikumuuliza ni ya nani. Tuliketi kwenye lami tukafanya pamoja, mara kumi, watu wazima wawili wanapoza uji ambao haupo.

Baba Nafula, sikuombi unisamehe. Mama Nafula ameshaniambia msimamo wako na nauheshimu. Na kusema ukweli, Alhamisi ile ikirudi, nitaenda kwa Mutiso tena. Singeweza kukuacha uanguke. Lakini ningekuja kwako kwanza, nikuambie uso kwa uso kwamba nimeshindwa kuinyamazia. Na Jumatatu, ulipokuwa umesimama na ule utepe, ningeshuka nile chakula changu na wewe. Nilikuwa juu, nakuona, na kwa miezi mitano sikushuka kukaa nawe hata siku moja. Hilo ndilo kosa langu.

Kwa hivyo nakuahidi. Sitamsemea mtu yeyote wa kundi letu kabla sijamwambia yeye mwenyewe, na atakayeshushwa, awe Kevo au mwingine, hatasimama chini peke yake nikiwepo. Desemba Nafula na mama yake wakija Webuye nitakuja nao. Nitasimama hapo kaburini. Kama pumzi itanikataa nitaitoa, nitangoja, na sitaondoka mpaka nikusalimie.

Lala, Baba Nafula. Endelea kulala.

Mimi,
Wambui