Skrubu Nyekundu Chini ya Cherehani

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho yanaendelea vizuri tangu upasuaji, na kwamba kaka na wifi bado wanakuvumilia. Sisi huku wazima, ila cherehani yako imenigomea.

Nakanyaga, sindano inapanda na kushuka, lakini kitambaa hakiendi. Mishono inarundikana pale pale mpaka inakuwa donge. Na hivi matroni wa zahanati ameniletea vitambaa vya sare za manesi, vyeupe na vyembamba, atakuja kuzichukua mwisho wa mwezi. Amesema wazi kwamba zisipokuwa tayari atampelekea yule fundi wa ng'ambo ya barabara mwenye cherehani ya umeme, na kazi ya zahanati itabaki huko huko. Bila kazi hiyo tutafunga duka, unajua mwenyewe. Nikikivuta kitambaa kwa nyuma kinasogea, lakini sindano zinavunjika. Nifanye nini?

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho bado yamefungwa bandeji, kwa hiyo anayeandika ni wifi yako, na nimemwambia asipunguze neno.

Nani alikufundisha kuvuta? Si mimi. Chini ya sindano kuna meno, mistari miwili. Yanapanda juu ya bamba la chuma, yanauma kitambaa, yanakirudisha nyuma mshono mmoja, yanazama, yanarudi mbele, yanapanda tena. Hiyo ndiyo kazi yao na wala hayahitaji msaada wako. Mikono ni ya kuonyesha njia tu. Ukivuta unaipinda sindano, inagonga chuma, inavunjika, halafu unakuja kumsumbua baba yako.

Tia mafuta kwenye meno, kama nilivyokuwa natia mimi kila asubuhi. Na ile skrubu yenye rangi nyekundu chini ya cherehani, ile ya kupandisha na kushusha meno, usiiguse. Nasema tena, usiiguse.

Baba yako

(Wifi, hapa ni mimi mwandishi: baba alitaka "usiiguse" ya tatu. Hiyo nimeiruka.)


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Poleni wote hapo, hasa wifi.

Mafuta nimetia. Kitambaa hakikusogea hata kidogo, na kimoja cha matroni kikapata doa jeusi ambalo nimelifua mpaka vidole vikachubuka ndipo likatoka. Basi nikachukua bisibisi nikafungua bamba. Baba, meno yenyewe yalikuwa hayaonekani. Katikati yake na chini yake kulijaa vumbi la nyuzi, limeshindiliwa na mafuta yako ya kila asubuhi mpaka limekuwa zulia. Yangepandaje? Nimelichokonoa kwa mswaki mkuukuu na ncha ya sindano, asubuhi nzima. Nimekuwekea humu ndani ya bahasha ulishike mwenyewe, usije ukasema natunga.

Sasa yanauma kweli kweli, tena kupita kiasi. Kitambaa kizito kingefurahi, lakini hiki chembamba yanakikunja, mshono unajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Lazima niyashushe kidogo. Naomba ruhusa ya kuigusa skrubu. Nakusihi unijibu haraka, usinifanyie ile tabia yako ya kununa.

Mwanao


1 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, maana sijapata hata mstari mmoja. Nimekwenda posta mpaka karani ananitikisia kichwa kabla sijaingia.

Sikuweza kungoja, nimeigeuza. Rangi ilimeguka ikadondoka sakafuni, nami nikasimama nikitegemea sauti yako itoke ukutani. Haikutoka. Nikageuza kidogo, nikajaribu kwenye kipande, nikageuza tena, mpaka meno yakawa yanachungulia tu juu ya bamba. Nikaweka mikono bila kuvuta. Kitambaa kikaenda chenyewe, kimenyooka, na mshono ukalala.

Matroni alikuja jana. Aligeuza sare ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono, hakusifu chochote. Ila ameacha vitambaa vingine.

Nilitaka nikwambie siku ile ile mshono ulipolala, nilifurahi sana, lakini nimeudhika pia. Siwezi kuendesha duka huku naogopa skrubu. Kama umekasirika, nigombeze kwa barua, lakini usininyamazie. Kiti chako nimekitia mto mpya. Unarudi lini kazini?

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimekasirika, hilo kweli. Kisha daktari akafungua bandeji, na baada ya hapo hata barua sikutaka iandikwe.

Kuhusu lile vumbi, mafuta yangu hayana kosa. Nyuzi za siku hizi ndizo zinazomwaga manyoya. Andika hivyo hivyo, mkwe wangu, usinicheke. Nimelichambua kwa vidole. Kuna nyuzi za kaki za sare za wanafunzi humo, na kuna uzi mmoja laini ambao nadhani ni wa gauni la mwisho nililomshonea marehemu mama yako. Vumbi hilo silirudishi.

Macho yenyewe ni hivi. Naona dirisha. Naona kwamba kuna mtu mlangoni, simjui ni nani mpaka aongee. Uzi na tundu la sindano sitaviona tena. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, jibu likawa lile lile. Imeniuma sana, na sitaki pole ya mtu.

Sasa hiyo skrubu uliyoigusa. Miaka yote hujawahi kuuliza rangi ile ilitoka wapi. Ni rangi ya kucha ya mama yako, na aliyepaka ni yeye. Mimi nilikuwa siachi kuigeuza, leo juu, kesho chini, na kila nikigeuza, mishono ya mama yako, aliyeshona kwa cherehani hiyo hiyo, inaharibika. Siku moja akaiweka pale alipotaka, akapaka, akaniambia sasa basi. Rangi ile ilikuwa ya kunizuia mimi.

Umesema mshono umelala. Basi nenda dukani ukanunue rangi ya kucha, uipendayo mwenyewe, upake. Nitakuja, kile kiti chenye mto nitakikalia karibu na mlango nikupokelee wateja. Na ukiona napeleka mkono chini ya cherehani, upige.

Baba yako