Sidii Iliyobaki Ndani

Jumatatu, 24 Oktoba 2005

Nimeenda kuomba kazi Posta, katikati ya mji, wakati wa chakula cha mchana. Woga mtupu. Sijala kitu tangu asubuhi.

Ofisi yenyewe vyumba viwili, ghorofa ya tatu, wanatengeneza programu za kompyuta. Mkubwa wao mwanamke, anaitwa Josepha, hana makuu. Nikamweleza kwamba mimi karani wa duka la vipuri vya vyerehani Kariakoo, kuprogramu nimejifunza mwenyewe kwenye vitabu, mwaka wa pili huu. Akaniuliza nimemaliza nini. Nikaanza kumtajia: gemu ya nyoka, programu ya ratiba ya kwaya, gemu ya kete... Akanikatisha kwa upole.

"Watu wa kuanza ninao wengi, Leticia. Niletee kitu kimoja ulichomaliza. Hata kidogo."

Jumatatu ya tarehe saba Novemba, saa tatu asubuhi. Nafasi ni moja.

Kumaliza! Ndipo ulipo ugonjwa wangu. Sekondari kule Nachingwea — niliitwa nyumbani mama alipougua, mtihani umebaki miezi minne. Kozi ya ushonaji — niliitwa shangazi alipojifungua. Kila kitu changu kimekatikia pale nilipoitwa, na mimi nikiitwa huitika. Miaka ishirini na minne, sina hata kitu kimoja chenye mwisho.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimepata dawa. Jam! Wenyewe wanaiita hivyo. Watu wa dunia nzima, mtandaoni, kila mmoja kwao anatengeneza gemu ndani ya saa arobaini na nane. Ijumaa tarehe nne saa tisa alasiri kwa saa zetu wanataja mada. Jumapili saa tisa alasiri wanafunga mlango. Ukiwahi kutuma, jina lako linaingia kwenye orodha ya waliomaliza. Zawadi hakuna. Sitaki zawadi, nataka orodha.

Programu ya kutengenezea ninayo, kwenye sidii iliyokuja na gazeti la zamani la kompyuta. Nililiokota Mchikichini kwenye mafungu ya vitabu vya mitumba. Kompyuta ni ya duka. Sina nyingine.

Tajiri wangu, Mzee Arvind, hajui. Anaona tu nabaki jioni na binti yake Zarna, wa kidato cha tatu, anadhani tunafundishana hesabu. Zarna ndiye mchoraji wangu. Nikimweleza baba yake habari ya jam ataniuliza ya nini, na mimi kudanganya sijui, nitaropoka Posta. Nani ampe mtu kompyuta ya kutorokea?

Lakini duka linafungwa kwa Diwali kuanzia Jumanne mpaka Jumapili. Ufunguo wa mlango wa nyuma ninao mimi. Kompyuta itakaa bure siku zote hizo. Nimeshukuru Mungu nikiwa nakunja mifuko.

Jumamosi, 29 Oktoba

Leo nimesifiwa! Kila Diwali familia ya Mzee Arvind huweka daftari jipya la duka mbele ya mungu wao wa neema, wanaliombea, ndipo mwaka wa biashara unaanza. Mzee akauliza safari hii tuweke daftari lipi. Nami kwa kiherehere changu: daftari la nini tena Mzee, duka zima limo humu. Nikaipiga kompyuta mgongoni kama ng'ombe wa maonyesho.

Akacheka. Akamwita mama yake, Bibi Bhagwati, ashuke kutoka ghorofani. Bibi akaikagua kompyuta, akanikagua na mimi. Akasema basi iombewe hiyo.

Nimeringa mchana kutwa.

Jumanne, 1 Novemba

Mdomo umeniponza.

Jioni tumekusanyika dukani, familia na sisi wafanyakazi. Kompyuta ilikuwa juu ya meza fupi, kitambaa chekundu chini yake, imepambwa kama bibi harusi. Maua ya njano. Alama nyekundu usoni. Punje za mchele zimepangwa mpaka juu ya kitufe cha kuwashia. Pandit, kuhani wao, akasoma sala, kisha Bibi Bhagwati akaizungushia uzi mwekundu mara tatu, akafunga fundo.

Halafu akasema, "Leticia, lete mkono." Akakata uzi kutoka kibunda kilekile, akanifunga kwenye kifundo cha mkono. Mikono inayoifanyia kazi nayo iombewe, alisema. Bibi alizaliwa Lindi, huniita msichana wa kwetu. Tangu nimefika mji huu hakuna mtu aliyewahi kuniombea mikono. Machozi yalinilengalenga, nasema kweli.

Hapo Mzee Arvind akatangaza. Kompyuta haitawashwa tena mpaka Jumapili, siku yao ya kufungua kazi, saa nane na dakika ishirini mchana. Pandit ndiye aliyechagua saa hiyo. "Na atakayeiwasha ni Leticia." Watu wakapiga makofi. Nikacheka kwa meno tu.

Saa nane na ishirini! Jam inafungwa saa tisa. Dakika arobaini nitengeneze nini, uji?

Bado nilikuwa najifariji kwamba naweza kwenda intaneti kafe. Ndipo nikakumbuka, uzi ukiwa mpya mkononi. Sidii imo ndani ya kompyuta. Jana jioni nilikuwa naijaribu, nikaiacha humo.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimeshinda kwa Anuari, mwenye kafe ya Mtaa wa Sikukuu. Kafe nyingine hazikuruhusu kuingiza programu kwenye mashine zao, yeye anaruhusu, lakini uje nayo kwenye sidii. Nikajaribu kuivuta mtandaoni. Megabaiti arobaini na sita! Mashine ikasema itachukua saa saba. Ikakatika mara tatu, mara ya tatu ilikuwa imefika katikati. Nimelia chooni.

Mwezi haukuonekana jana, kwa hiyo Idd ni kesho. Anuari anafunga Idd mosi, anafungua Idd pili saa nne. Maana yake siku ya kwanza ya jam sina mashine kabisa.

Nimekutana na Zarna nyuma ya duka. Nikamdokezea: tukiiwasha kidogo tu? Uso ukamgeuka. Akasema zile punje za kwenye kitufe bibi yake alizipanga moja moja na anaziangalia kila asubuhi anapobadilisha maua.

Ningeweza kumwomba Bibi. Nimejifunza maneno mbele ya kioo mara tatu. Kila mara nikifika kwenye neno "Posta" narudi mwanzo. Mtu amekuombea mikono juzi, leo umwambie mikono inahama?

Ijumaa, 4 Novemba. Idd

Nimepata kafe iliyo wazi Posta. Nikalipia nusu saa kwa ajili ya neno moja. Saa tisa kamili ikatokea. Mada: MZIGO.

Nikacheka peke yangu, jirani akanitazama. Mzigo! Na mimi nakaa Kariakoo!

Nimerudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, watoto wamejaa na nguo mpya na miwani ya plastiki, nami gemu ninaiona yote. Mkokoteni. Unatoka sokoni kwenda Mchikichini na marobota ya mitumba. Kila kona unaongezewa robota. Mkokoteni hauna breki, una miguu yako tu. Ukikata kona vibaya marobota yanamwagika.

Nimeandika programu kwenye daftari la shule, kwa kalamu. Kurasa kumi na moja. Ni kama kupika kwa kusimulia. Sijui hata mstari mmoja kama utafanya kazi.

Jumamosi, 5 Novemba

Leo mwandiko usiniulize.

Saa nne nilikuwa wa kwanza kwa Anuari. Mteja mmoja sidii yake ikanasia kwenye mashine iliyokufa. Anuari akanyoosha pini ya karatasi, akaichomeka kwenye kitundu kidogo mbele ya mashine. Droo ikatoka. Mashine imezimwa! Nikamuuliza, zote zina kitundu hicho? Akasema zote.

Sikuaga. Nilikimbia.

Niliingia dukani kwa mlango wa nyuma. Sindano za cherehani tunazo elfu, nikachagua namba kumi na nne. Nikapiga magoti mbele ya kompyuta. Nikachomeka, nikasukuma — droo ikatoka upana wa kidole, ikagota. Uzi mwekundu ulikuwa umepita mbele yake. Nikiuvuta, mchele unamwagika. Nikiukata...

"Leticia."

Bibi Bhagwati. Peku, sahani ya maua mkononi. Nikasema shikamoo Bibi, nikiwa bado magotini na sindano mkononi kama mwizi. Hakuitikia. Tangu nimjue hajawahi kuacha kuitikia.

Akauliza natafuta nini. Basi nikasema yote kwa pumzi moja. Sidii, jam, mkokoteni, Posta, Josepha, Jumatatu. Kwamba sijawahi kumaliza kitu. Kwamba nimeona haya kuomba.

Akauliza kama Arvind anajua. Nikasema hajui. Akauliza kama Zarna anajua. Nikaitazama sindano, naye akatikisa kichwa, jibu amelipata.

Kisha akaweka sahani chini, akapitisha vidole viwili chini ya uzi, akauinua polepole. Hata punje moja haikuanguka.

"Toa."

Nikaivuta sidii. Droo akairudisha mwenyewe, uzi akauachia mahali pake.

"Mwanangu utamwambia wewe, Jumatatu. Lakini kesho saa nane na ishirini uwepo hapa. Nimeshamtajia Mungu jina lako."

Nikasema nitakuwepo Bibi. Akaokota sahani yake.

"Marahaba," akasema.

Nilirudi kwa Anuari nikaandika mpaka akafunga saa mbili usiku. Zarna alikuja jioni, akachora mkokoteni nukta kwa nukta, akamwekea msukumaji kofia ya bibi yake ya baridi. Mkokoteni unatembea! Kulia unakata vizuri. Kushoto unaanguka hata bila mzigo.

Jumapili, 6 Novemba

*Saa nne na nusu.* Kushoto bado. Misa sijaenda, Mungu anisamehe, kichwa kingekuwa huku.

*Saa sita.* Ilikuwa alama moja ya kutoa! Nimeandika jumlisha mahali pa kutoa. Daftarini niliandika sawa, nimekosea wakati wa kuchapa. Nimetaka kumkumbatia Anuari, nikajizuia.

*Saa saba na dakika kumi.* Imekwisha. Unaanza sokoni, unafika Mchikichini, linatokea neno MWISHO. Nimecheza mara nne ili nilione tu. MWISHO. Limekaa hapo, halitikisiki.

Natuma.

*Saa saba na nusu.* Ilifika asilimia ishirini na nane, ikakatika. Haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Anuari anasema Jumapili laini ndivyo ilivyo.

*Saa nane kasorobo.* Hamsini na tatu. Ikakatika! Nimeanza tena. Wateja wanne wanaongea na ndugu zao Uarabuni kwenye laini hii hii. Anuari amewaomba wapumzike kidogo. Wawili wamekubali.

*Saa nane na dakika tano.* Asilimia thelathini na nane. Kutoka hapa hadi dukani ni dakika tatu nikikimbia. Anuari anasema nenda, nitakuangalizia. Jana alimwangalizia mtu akaizima mashine. Na ikikatika ataanzaje, ana wateja kumi na wawili?

*Saa nane na dakika kumi na moja.* Hamsini na tano. Zarna ameingia, sari yake ya kwanza, anahema. Anasema wote wameshafika, na shangazi zake wa Upanga. Pandit anaangalia saa. Baba yake amezuia mtu yeyote asiguse kitufe, anawaambia Leticia anakuja, Leticia hachelewi. Bibi kakaa karibu na kompyuta.

*Kumi na nne.* Sitini na tatu. Zarna alisema tunaenda. Nikasema bado. Akaangalia kioo cha kompyuta, akaona jina lake chini ya langu: MICHORO, ZARNA. Akakaa kwenye kiti cha pembeni. Hajasema tena tunaenda, lakini mguu wake hautulii.

*Kumi na saba.* Sabini na moja. Mlango wa jam unafungwa saa tisa, mlango wa kule ni dakika tatu kutoka sasa. Uzi mkononi umeanza kuchuja rangi, umenipaka wekundu mpaka kwenye daftari. Nilisema nitakuwepo Bibi. Nilisema kwa mdomo wangu. Na Josepha kasema kitu kimoja tu, hata kidogo.

Zarna amesimama. Ananiita kwa jina, taratibu, kama anaamsha mgonjwa.

Sabini na nne. Naandika. Nikiacha kuandika itabidi nisimame, na nikisimama miguu yangu naijua, imezoea kuitika. Sabini na nne bado. Sabini na