Kwa Mama Uzi, Aliyesahau Visa Katikati

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu tulipoifunika cherehani yako kwa shuka la maua, na bado hakuna aliyelifunua. Tunafuta vumbi juu ya shuka tu. Chini yake iko ile kola uliyoishona nusu, sindano imezama kwenye kitambaa, vilevile ulivyoiacha mchana ule moyo wako uliposimama.

Baba anavaa koti lisilo na kifungo cha juu. Dada alitaka kumshonea, akakataa. "Fundi wangu hayupo," akasema, akaenda zake kukaa mlangoni. Tumeacha kumwambia.

Kaka ndiye aliyesema kumbukumbu hii niiandike mimi. Nikamuuliza, "Mimi niliyeishia darasa la tano?" Akajibu, "Kwani unamwandikia mkaguzi? Unamwandikia Mama." Basi ninaandika kidogo kidogo, nikitoka kufua mashuka ya hosteli, vidole vikiwa bado vimekunjamana kwa maji. Mwandiko uvumilie.

Watoto walikuita Mama Uzi kwa sababu hukuwahi kufika kanisani bila kipande cha uzi kukuganda mahali. Walikuwa wanashindana kukiona. "Leo wa kijani! Uko begani!" Nawe ungejipapasa na kujifanya umeshangaa. Kwa miaka ishirini na sita uliwafundisha kila Jumapili katika kile chumba cha nyuma ya kanisa, chenye dirisha lisilofunga vizuri. Ulikaa nao chini kwenye mikeka. Walipokuletea kiti ulikirudisha. "Mwalimu akikaa juu," ulisema, "watoto wanaona matundu ya pua tu."

Mtoto akija na gauni lililofumuka, ulimketisha karibu yako ukalishona akiwa amelivaa, huku kisa kinaendelea. Hukumuuliza mtu kwao kukoje. Ulijua kwa kutazama pindo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Miaka yako ya mwisho ulianza kusahau. Ungekuwa katikati ya kisa, watoto wamekodoa macho, mara ukanyamaza. Ukajishika paji la uso. "Jamani, hapo ilikuwaje? Kichwa changu siku hizi ni chujio." Halafu mtoto mmoja angesimama, akameza mate, akakimaliza. Wewe ungepiga makofi na kusema, "Umeniokoa! Leo ningeaibika."

Mimi nilikuwa nyuma, nikichonga kalamu za rangi, nikiona aibu kwa niaba yako. Mara nyingine nilikunong'oneza, "Mama, ni mikate mitano." Ulinitazama kwa jicho moja kali, nami nikadhani unaumia kwa kuwa nimekuumbua.

Nyumbani tuliingiwa na hofu. Dada, kwa kuwa ni muuguzi, alitaka ukapimwe. Ulicheka. "Nipimwe nini? Nguo za watu nakosea?" Kweli, vipimo vya wateja wako wote ulikuwa navyo kichwani, hata kiuno cha mtu aliyehama zamani. Hilo lingetosha kutufumbua macho. Halikutufumbua.

Nikaenda kwa mchungaji, Mama. Ndiyo, ni mimi. Mimi nisiyeweza hata kumwambia kondakta anishushe, siku ile nilipata sauti. Nikasema, "Mama amechoka, anasahau. Mpumzisheni kabla watoto hawajaanza kumcheka." Nilidhani ninakusitiri.

Mchungaji akakuita, akakushukuru kwa miaka yako yote, akakuambia upumzike. Ulirudi nyumbani, ukavua viatu, ukakaa kwenye cherehani bila kushona. Ulisema neno moja tu: "Mmenikata uzi kabla sijapiga fundo." Hukuuliza nani alipeleka maneno. Baada ya miezi miwili tukakuzika.

Darasa lako lilifungwa. Watoto walichanganywa na watu wazima, wakawa wanasinzia kwenye mabenchi. Mchungaji alitangaza mara tatu kwamba kanisa linahitaji kizazi kipya cha viongozi wa watoto na vijana, na kila alipotangaza, vijana wetu wenye vyeti walikagua viatu vyao. Mwisho akasema ikipita likizo bila mtu kujitokeza, kile chumba kitakuwa stoo ya viti na spika.

Sikujitokeza, Mama. Nisijipe sifa. Nilikwenda kuchukua mikeka yako nirudi nayo nyumbani. Nilipoinama kuikunja, watoto kumi na mmoja wakaingia nyuma yangu, wakaketi juu yake. Nilishindwa kuwatoa, maana kumtoa mtu kunahitaji sauti.

Nikaanza kisa cha Naamani, yule jemadari mwenye ukoma. Nilikijua toka utotoni kutoka kinywani mwako. Nikasema habari za kijakazi mdogo aliyemwonyesha bibi yake njia ya kupona. Nikamfikisha jemadari mlangoni kwa nabii. Hapo macho yao yote yakanielekea, na kila kitu kikafutika. Miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama wiki nzima, kichwa kizito, na wewe hupo. Nikajishika paji la uso. Machozi yakaanza kunitoka mbele za watoto.

Akasimama binti wa fundi viatu, yule mwembamba wanayemwita Kijiko. "Dada, usilie," akasema. "We endelea kusahau tu. Sisi tutamaliza."

Akamaliza. Jemadari akakasirika kuambiwa tu akaoge mtoni, watumishi wake wakamtuliza, akashuka mtoni akajichovya mara saba. Mwenzake wanayemwita Wakili, kwa ubishi wake, akadakia, "Angeondoka mara ya sita je?"

"Angerudi kwao na ukoma wake msafi," Kijiko akamjibu. Wakaangua kicheko, nami nikacheka na machozi yangu.

Wengine walipotoka, Kijiko alibaki kunisaidia kukunja mikeka. Akaniambia kwa upole, kama mkubwa anavyomfundisha mdogo kazi, "Lakini Dada, wewe hujui kusahau. Inabidi utuambie mapema."

"Niwaambie nini mapema?"

"Unaposahau. Mama Uzi alikuwa anatuambia. Nikipeleka nguo kwake katikati ya wiki, ananiita pembeni: 'Jumapili nitasahau pale jemadari anapokasirika. Kajifunze, utaniokoa. Na usimwambie mtu, hata binti yangu.'"

"Kwa nini hata mimi?"

"Alisema mtoto akionwa na wenzake kwamba ameokoa mtu mzima, hasahau. Kwa hiyo wote walitakiwa waamini, hata wewe."

Wakili alikuwa bado mlangoni. "Mimi alinisahaulia mara tatu," akasema, kifua mbele.

Nilikaa chini kwenye sakafu, mkeka umeshakunjwa. Mama, ulikuwa unashona viongozi, mmoja mmoja, kwa mkono, na mimi nikaja na mkasi.

Nilimweleza mchungaji. Akasema, "Tulikosa wawili, binti yangu. Wewe ulisema, mimi sikuuliza." Nikawaeleza na hawa wa nyumbani. Dada alilia. Baba alisema tu, "Mama yenu alikuwa na siri za kitambaani." Lakini wewe sijawahi kukuambia, ndiyo maana nakuambia hapa, mbele ya watu wote wanaosoma. Nilikupenda nikakuaibisha. Nisamehe, Mama.

Nimechoka. Sitakudanganya eti kwa kuwa hii ni kumbukumbu. Kuna Jumapili natamani mvua inyeshe wasije. Wanakuja na mvua. Katikati ya wiki namwita mmoja wao pembeni namwambia nitakaposahau. Jumapili ikifika, mara nyingi nasahau mahali pengine kabisa, kusahau kwa kweli, na anasimama mwingine ambaye hakupangwa. Hawajagundua tofauti. Sina mpango wa kuwaambia.

Kile chumba si stoo. Jumapili iliyopita kanisa liliwaombea viongozi wapya wa watoto na vijana. Walisimama sita mbele, mkubwa wao ana miaka kumi na sita, na wote umewahi kuwasahaulia. Mzee mmoja wa kanisa alimnyooshea Wakili fimbo yake. "Hawa ndio viongozi? Huyu si juzi tu alikuwa ananyonya kidole?"

"Nimeacha, mzee," Wakili akasema. "Mwezi jana."

Kwa kicheko, hata mchungaji alishindwa kuanza maombi.

Mimi nilikaa nyuma, palepale pa kalamu za rangi. Walinitaka mbele nikakataa, na safari hii haikuwa aibu. Nilitaka kuwaona wote kwa pamoja, kama ulivyokuwa ukiwaona wewe. Kijiko alipogeuka, niliona kipande cha uzi mweusi kimemganda begani, uzi wa baba yake wa kushonea viatu. Sikumwambia akitoe.

Kesho nitalifunua lile shuka. Baba amekubali. Ile kola hatutaigusa, lakini kifungo cha koti lake nitakishona mimi, nami nitapiga fundo.

Anakukumbuka mume wako, mwenye koti. Wanakukumbuka mwanao fundi umeme na mkewe, mwanao muuguzi na mumewe, na mimi kitindamimba wako. Wanakukumbuka dada yako na wifi zako, wajukuu wako wanne, na mmoja aliye njiani ambaye tutamsimulia. Wanakukumbuka na watoto wa mikekani, ambao hawakubali kuandikwa mwisho, lakini karatasi imeisha.

Pumzika, Mama Uzi. Pale tutakapokwama, yupo wa kusimama. Daima tutakukumbuka, hata siku tutakazosahau kisa katikati.