Swali la Kwanza

Nairobi
2 Machi 1999

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba pia umfikishie shikamoo yake. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, si kitandani. Mimi ni mzima, baridi ya huku tu ndiyo inayonitesa, naenda kazini na sweta mbili.

Mama, nimeiona tarehe yako. Jumanne ya tarehe kumi na sita, Mombasa, kutolewa ule uvimbe wa kizazi. Nimeiona kwenye kompyuta ya ofisi kabla wewe hujaambiwa, maana jina lako limo kwenye orodha ya wagonjwa tunaowafuatilia. Nilipokueleza kazi yangu ulicheka, ukasema nalipwa kutazama televisheni. Basi sasa sikiliza. Zahanati ya Ukunda kuna dada aitwaye Christabel, ana kompyuta kama yangu. Atakuuliza maswali kabla ya kupasuliwa, na majibu yatakwenda kwa waya wa simu mpaka kwa daktari Mombasa, na mimi huku nitayaona. Ukisharudi nyumbani atakujia Kinondo kwa baiskeli, siku moja aje, siku moja apumzike, akuulize tena. Maswali hayo ya Kiswahili nimeyaandika mimi mwenyewe. Ukimjibu yeye umenijibu mimi.

Nenda, mama, usiseme utakwenda wiki ijayo. Sitakuficha, nina hofu. 

Mwanao,
Husna


Kinondo
9 Machi 1999

Mwanangu Husna,

Marahaba, na Mungu akuweke. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako hajambo, mbuzi wake hawajambo, wamekula leso yangu nzuri na yeye anawatetea. Wewe waendeleaje? Vaa sweta tatu, mwanangu.

Ukunda nimekwenda. Huyo Christabel ni mtoto mzuri, ana adabu, ila Kiswahili chake cha bara kimenichosha. Kaniuliza maswali mengi mpaka nikamuuliza kama yuataka kuniposa. Nala nini, nanywa dawa gani, kuna mtu kwetu aliyewahi kutokwa na damu isikome. Nikamwambia nameza aspirini kila siku kwa ajili ya magoti. Akaandika. Kesho yake daktari akajibu kutoka Mombasa kwamba niache leo hii, kwa sababu zafanya damu kuwa nyepesi, na akikata haitasimama. Mimi mwenyewe nisingejua, na hapana mtu angeniuliza. Kwa hilo nimeiheshimu televisheni yako.

Lakini nakwambia wewe peke yako, babako simwambii: naogopa. Wamkumbuka Jumwa, mke wa Chome? Aliingia kwenye chumba kile cha kupasuliwa kwa miguu yake, akaaga watu, akapewa nusu kaputi, akatolewa kafunikwa shuka. Mimi ndiye niliyemuosha. Niombee.

Mamako,
Esha


Nairobi
24 Machi 1999

Mama yangu,

Shikamoo mara mia. Naandika haraka niwahi posta. Hali yangu ni nzuri tangu nijue umetoka salama. Baba yuaendeleaje? Na wewe, walala vizuri?

Siku ile ya Jumanne sikuweza kufanya kazi. Nilikaa mbele ya kompyuta, kila dakika nafungua kuona kama kuna habari, mpaka Bi Hannah, mkubwa wetu, akaniletea chai na kuniambia nikae mbali na mashine. Saa tisa ikaingia habari: "Esha, Kinondo. Ametoka. Ameamka." Nikalia mbele za watu.

Niliomba ruhusa nije, nimekataliwa mpaka mwisho wa Aprili, kwa sababu kazi ndiyo kwanza inaanza na wakubwa wanataka kuona matokeo. Lakini nakuona kila Christabel anapopita. Jana ilikuwa siku yako ya kwanza nyumbani, na mbele ya jina lako ameandika: Sijambo. Tumetengeneza kwamba aliye mzima anatokea kwa rangi ya kijani. Wewe ni kijani, mama. Nimekuonyesha kwa ofisi nzima.

Mwanao,
Husna


Kinondo
29 Machi 1999

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Idd imepita kwa salama na amani, nasi sote hatujambo, twamshukuru Mungu. Wewe huko ulikula pilau au ulikula mkate wa ofisini? Tumekukosa.

Wageni wamekuja tele, hata wa Msambweni. Nilitolewa nje nikaketishwa kwenye mkeka na leso mpya, nikaamkiwa na kila mtu, nikajibu kila mtu. Jirani yetu Dama alisema nimenawiri mashavu. Yalikuwa mashavu ya joto, lakini siku ya Idd utamwambia nini mgeni. Walipoondoka nilishindwa kusimama, babako akanishika.

Christabel yuaja kama ulivyosema. Ila huwa haketi. "Mama, hujambo?" Nami, "Sijambo, mwanangu, karibu." Basi akaandika, akanywa maji, akapanda baiskeli. Mimi nilidhani ataniuliza mengi kama mara ya kwanza. Labda huku baada ya kupasuliwa hamna haja.

Usiwe na wasiwasi. Ni kidonda tu, upande wa chini kimeachia kidogo, chatoa maji, na maji yenyewe yana harufu. Nimekifunga kitambaa. Homa huja jioni. Yatapita, inshallah.

Mamako akupendaye,
Esha


Nairobi
Alhamisi, 1 Aprili 1999
Kwa kompyuta ya zahanati, Ukunda. Christabel, tafadhali mpelekee mama leo hii na umsomee kama ilivyo.

Mama,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Nimepiga simu zahanati, imeita mara sita haikupokewa, najua Christabel yuko njiani na baiskeli. Nimeandika huku. Mungu amfikishe kabla hajafunga ofisi kwenda kwao Pasaka.

Hayo si maji, mama, ni usaha. Kidonda kimeoza ndani na homa hiyo inatoka humo. Baba atafute gari lolote, hata la mkaa, akupeleke Mombasa leo.

Na hili nalisema wazi. Makosa ni yangu. Daktari alituambia swali la kwanza liwe kama mgonjwa anajisikia vizuri, na akisema ndiyo, karatasi inakwenda mwisho, hayo mengine ya joto na usaha na harufu hayaulizwi. Nilipofika kwenye Kiswahili sikuweza. Niliwaza wazee wa kwetu, Christabel anawaingilia uani na kuwauliza vidonda vyao bila hata kuwaamkia. Nikaona ni utovu wa adabu. Nikaandika, "Mama au Baba, hujambo?" Basi nani kwetu akiulizwa hujambo atasema ninaoza? Nimefungua orodha. Wagonjwa kumi na wawili, na wote kumi na wawili ni kijani.

Ukinijibu, usinisalimie. Usiniulize hali yangu. Anza na kidonda.

Husna


Ukunda
Ijumaa, 2 Aprili 1999

Husna,

Kidonda kimefunguka urefu wa kidole. Usaha ni wa kijivu. Harufu yajaza chumba. Joto Christabel amepima, thelathini na tisa na nusu. Tangu jana sijala, na maji nikinywa natapika. Tumbo limekuwa gumu kama ubao.

Christabel ndiye anayeandika kwa kompyuta yake, mimi nimelala kwenye benchi hapa zahanati twangoja gari. Ilikuwa asafiri asubuhi hii kwao, basi limemwacha. Nimemwambia aende, hataki kunisikia.

Sasa nisikilize na wewe. Usijibebeshe yote. Juzi Jumatano huyu mtoto aliweka karatasi yake chini, akanishika mkono, akasema, mama, lakini mbona unachemka? Hilo halikuwa swali lako wala la kompyuta, lilikuwa lake. Nikamwambia nimetoka jikoni. Husna, mimi jikoni sijaingia wiki mbili. Nilijua. Nilijua tangu kabla ya Idd. Nilijua nikisema nitarudishwa kwenye chumba kile, nipewe nusu kaputi tena, na mara ya kwanza nilipona kwa bahati. Nikaona bora nife kwangu, kwenye mkeka wangu, kuliko kutolewa nimefunikwa kama Jumwa. Adabu ilinifaa tu, nilijificha nyuma yake.

Gari limefika. Naogopa mpaka meno yagongana, na si homa pekee. Usiniandikie barua tena. Njoo. Kazi ikikufukuza na ikufukuze.

Mama


Mombasa, hospitali
Jumamosi, 3 Aprili 1999

Mama,

Nimesafiri kwa basi, nimefika saa mbili asubuhi, nikakuta umeshaingizwa kwenye chumba kile. Umeniambia nisikuandikie barua na mimi sina jingine la kufanya na mikono yangu. Nimekaa sakafuni, mkabala na mlango. Baba yuko dirishani, anasoma uradi, hataki kukaa.

Bi Hannah nilimweleza yote kabla sijaondoka. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alichukua simu akaanza kuwapigia wauguzi mmoja mmoja, waende kwa wale kumi na mmoja na wawafunue vidonda kwa macho yao. Christabel ametuma habari kwa kompyuta ya hapa hospitali asubuhi hii, Pasaka yake ameiacha: mzee mmoja Lunga Lunga amekutwa na homa siku ya tano, anasema hakuna aliyemuuliza. Amepakiwa kwenye gari. Sijui kama nitakuwa na kazi, wala hilo silifikirii.

Muuguzi amepita na beseni lililofunikwa. Nimemuuliza, akasema subiri daktari. Amesema kwa upole mno, na upole ule umenitia hofu kuliko kitu chochote.

Saa nne na nusu. Nilipokuwa mdogo nilidhani wewe huogopi kitu, ulikuwa ukiua nyoka kwa mwiko. Hukuwahi kuniambia kwamba uliogopa wakati ule pia. Ungeniambia. Ningejua kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akafanya.

Saa tano kasorobo. Sijui naandika nini. Mama, usife. Nimekuja kama ulivyotaka, sasa na wewe fanya ninavyotaka.

Mlango umefunguka. Daktari ameshusha kitambaa chake cha mdomoni. Anasema wameosha ndani, wameacha kidonda wazi kipone kutoka chini, siku tatu hizi bado ni za hatari na hataki kunidanganya. Lakini umeamka. Anasema unalia, na unaulizia kama yule binti yako wa Nairobi amefika au bado.

Karatasi hii naiacha kwa baba. Naingia.