Kumbukumbu za Kikao cha Kumchagua Mwonyeshaji wa Uzi wa Meno, Daudi

Kikundi cha Akina Mama Subira
Tarehe: 14 Juni 2025
Mahali: Darasa la Jumapili, Daudi
Waliohudhuria: Marieta Hhando (Mwenyekiti), Helena Gidion (Katibu), Hilda Akonaay, Fausta Sulle na wajumbe wengine wanane
Mgeni: Justina, muuguzi wa zahanati
Asiyehudhuria: Letisia Bura (ng'ombe wake anazaa, alitoa taarifa)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana. Alieleza kwamba anatakiwa mwanachama mmoja wa kuonyesha matumizi ya uzi wa meno siku ya afya Maretadu. Picha yake itabandikwa zahanati.

KUMB. NA. 2/2025: MAPENDEKEZO
Wajumbe saba walimtaja Fausta kwa sababu ana meno meupe. Hilda alieleza kwamba yeye ametumia uzi kila jioni tangu Januari, na kwamba meno yake ni ya kahawia kwa maji ya kisima aliyokunywa utotoni, si kwa uchafu. Fausta alijibu, "Dada yangu, picha haitaeleza habari za kisima." Wajumbe walicheka. Hilda hakucheka.

KUMB. NA. 3/2025: MAJARIBIO
Justina alishauri wote wawili waonyeshe. Fausta alikata uzi mfupi, akausukuma kwa nguvu na kuuvuta kama msumeno. Alikiri kwamba nyumbani hutumia uzi wa kiroba, tena baada ya nyama tu. Fizi zilitoka damu sehemu nne. Alisema uzi wa zahanati ni mkali.

Hilda alipima uzi kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, akauzungusha kwenye vidole vya kati na kuupenyeza polepole. Aliukumbatisha kila jino, akausugua juu na chini hadi ukingoni mwa ufizi, na kwa kila nafasi kati ya meno alitumia kipande kisafi cha uzi. Damu haikutoka. Justina alieleza kwamba ufizi unaosafishwa kila siku hauvuji ovyo.

KUMB. NA. 4/2025: UAMUZI
Hilda alipata kura 8, Fausta 3. Mwenyekiti hakupiga kura. Fausta aliomba iandikwe kwamba meno yake bado ndiyo meupe kuliko yote kikundini. Imeandikwa.

Hilda aliomba apigwe picha akiwa amefunga mdomo. Mwenyekiti aliuliza uzi utaonekanaje. Hilda alisema hajawahi kucheka mbele ya kamera, na kwamba angepewa meno ya Fausta wiki moja tu, angecheka njia nzima hadi Mbulu mjini. Fausta alisema, "Fungua mdomo, mama. Hizo fizi ningezichukua leo hii."

Ilikubaliwa mdomo uwe wazi. Picha itapigwa na Fausta, kwa kuwa simu yake ndiyo nzuri. Hilda aliomba Justina aikague kabla haijatumwa. Ilikubaliwa.

Kikao kilimalizika saa 10:05 jioni.

Marieta Hhando, Mwenyekiti ..................
Helena Gidion, Katibu ..................