Shanga za Kalenda Ulizomfundisha Mwende

Mpendwa Anti Resiato,

Nakuita Anti kwa sababu ndivyo Mwende alivyokuita, na kwa sababu katika miaka miwili uliyokaa kwangu Kitengela mimi sikuwahi kukuita hivyo. Nilikuita Resiato tu, mara nyingi kutoka chumba kingine, nikitaka chai au sweta ya mtoto.

Ulikuja Mwende akiwa na miaka mitatu na kitu. Baba yake alikuwa ameshaenda zake. Mimi nilikuwa nashona katika kiwanda cha nguo Athi River, natoka kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa linazama. Mama mmoja wa kanisa letu ndiye aliyekuleta kutoka kwenu Loitokitok, ukiwa na begi moja na shuka. Siku ile ya kwanza nilikuonyesha jiko, bafu na kamba ya kuanikia nguo. Wewe uliangalia sebule, ukamwangalia Mwende aliyekuwa amekaa kwenye kiti kama mgeni, kisha ukaniuliza, "Nyumba iko na mtoto na hakuna kitu kimevunjika?"

Nilidhani unanisifu. Nikakuonyesha juu ya kabati, ambapo nilikuwa nimepanga vitu vya kuchezea ndani ya maboksi yake, mwanasesere wa dukani na gari la betri. Nilisema nitampa akishajua kuvitunza.

Wiki hiyo hiyo nilirudi nikakuta ng'ombe kumi na mmoja chini ya meza. Ulikuwa umeokota magunzi ya mahindi kwa jirani anayechoma pale barabarani, ukayachomeka njiti za kiberiti zilizotumika ziwe miguu, na pembe ukakata kwenye pakiti ya maziwa. Mwende alilala kifudifudi akinitajia ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, kwa Kimaasai. Mtoto ambaye mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ameniambia nimpeleke hospitali kwa sababu haongei. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, na kitu cha kwanza nilichosema ni kwamba magunzi yataleta mchwa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilisema hivyo.

Uliendelea. Gundi ulipika mwenyewe. Vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye maji baridi, unakoroga mpaka mabonge yaishe, halafu moto mdogo hadi iwe kama uji wa mgonjwa, na chumvi kidogo isichache. Maji ya bitiruti yaliwapa rangi nyekundu, bizari ikawapa ya jua, na mkaa uliosagwa ukawa nywele za watu wote mliochora. Soksi iliyopotelewa na mwenzake ilishonewa vifungo viwili ikawa bibi kizee ambaye Mwende alikuwa anamwingiza mkono na kumsemesha mambo ambayo mimi hakuniambia. Vizibo vya soda mlivitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya, vikawa njuga. Kabla ya kutupa kitu chochote ulikuwa unamshikia mtoto mbele ya uso na kumuuliza, "Hii inataka kuwa nini?" Na ukweli ni kwamba ulisubiri ajibu. Nilikuona siku moja ya Jumamosi ukisubiri na sanduku tupu la majani chai mkononi, sufuria ikichemka nyuma yako, na hukumharakisha.

Lakini kazi yenu kubwa ilikuwa shanga. Ulichukua kalenda ya mwaka uliopita na karatasi za matangazo ya supamaketi, ukazikata vipande virefu vyenye ncha kali, ukamfundisha Mwende kuvizungusha kwenye kijiti cha ufagio kuanzia upande mpana. Gundi kidogo kwenye ncha, unachomoa kijiti, shanga imekuwa. Za kwanza zake zilikuwa zimelegea kama sigara. Hukuzirekebisha. Ulizitunga hivyo hivyo katikati ya zako, ukavaa mkufu huo kanisani, na watu walipokuuliza ulisema, "Fundi ni huyu." Ukamwambia sidai, yaani nzuri kwa Kimaasai, na Mwende akajifunza neno hilo, akawa analisema kwa ugali, kwa mvua, kwa kila kitu kizuri.

Sasa nikukumbushe siku ile ya shule ya chekechea, ingawa najua unaikumbuka. Wazazi walikuwa wameitwa kuona kazi za watoto. Niliomba ruhusa kazini na tukaenda sote watatu. Mwalimu aliinua trei ya mayai ambayo mlikuwa mmeigeuza kuwa boma, vibanda vimezungushwa, ng'ombe wa magunzi katikati, na ua wa miiba ya kweli. Aliniangalia mimi. "Huyu mtoto ako na mkono mzuri," alisema. "Mnafanya naye nyumbani?"

Nikasema ndiyo, huwa tunafanya pamoja jioni.

Ulikuwa nyuma yangu umebeba mkoba wake. Ulinisikia. Na pengine tungepita hapo salama, lakini Mwende akamwambia mwalimu kwa sauti yake ile ya wazi, "Si Mama. Mama huenda kazi. Ni Anti." Wazazi walicheka. Mimi pia nilicheka. Njiani ulijaribu kunipunguzia. Ulisema mtoto husema tu, nisiweke moyoni. Nilitangulia hatua kadhaa mbele yenu mpaka tukafika nyumbani.

Resiato, mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo, na si kwa ile karatasi iliyokuja kupotea. Kuanzia siku ile niliona kila tone la gundi kwenye kiti. Nilikuambia sitaki takataka katika nyumba yangu. Ukavikusanya vyote kwenye katoni moja nyuma ya mlango wa jikoni, na mkawa mnafanya kazi yenu mchana tu, mkifagia kabla sijafika. Nilijua. Niliona vipande vidogo vya rangi chini ya kucha za mwanangu, nami nikamsugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Halafu ikafika wiki ya kumwandikisha darasa la kwanza. Walitaka cheti cha kuzaliwa siku ya Jumanne. Jumatatu jioni nilifungua faili langu na hakikuwamo. Niligeuza godoro, nikamwaga droo. Mwende alikuwa amekaa sakafuni amevaa mkufu mpya mrefu, shanga za rangi hafifu, na macho yangu yakakaa pale. Nilimvua. Nikaanza kufungua shanga moja moja kwa kucha, nikizinyoosha mezani, nikitafuta jina lake. Zilikuwa nyingi. Mwende alilia mwanzoni, kisha akawa anaangalia tu. Nilipata Machi na Aprili, nilipata bei ya sabuni na picha ya kuku. Cheti sikupata, na bado nilikugeukia wewe.

Nakumbuka ulivyosimama, mikono imelowa maji ya vyombo. Ulisema polepole, "Mama Mwende, karatasi iko na muhuri siwezi kata. Mimi mwenyewe sina cheti. Nimezunguka ofisi miaka mingapi nikitafuta kitambulisho kwa sababu hiyo karatasi sina. Ya Mwende ningeishika kama yai."

Mtu mwenye moyo angesikia hayo na kuketi chini. Mimi nilikuambia ufungashe, uondoke asubuhi. Asubuhi ulimsuka Mwende, ukamnywesha uji, ukaacha katoni pale pale nyuma ya mlango, na ukaenda. Hukuniaga kwa ubaya. Ulisema tu kwamba viatu vyake vya shule vinambana, nivitazame.

Alhamisi nilipita pale saiba, kwenye duka la kompyuta ninapotoaga kopi. Mama mwenye duka aliponiona alifungua droo yake. "Mama, si ulisahau cheti cha mtoto kwa mashini? Nimekuwekea toka wiki iliyopita." Kilikuwa hakijakunjika hata pembe.

Hapa ndipo pagumu zaidi kwangu. Ningekuwa nimekosea hadi Alhamisi tu, ningekuwa nimekosa kama binadamu. Lakini nilikuwa na nambari yako ya simu. Nilikuwa na muda wa maongezi. Nilitembea hadi nyumbani na cheti kwenye mkoba, na nilipoiona nyumba kimya, na mtoto akinikimbilia mimi kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumkimbilia, nilijiambia nitakupigia kesho. Nilijiambia hivyo mpaka mwaka ukaisha. Nilipopiga, nambari ilikuwa haipatikani tena.

Nilijaribu kuchukua nafasi yako. Nilinunua seti ya kutengeneza vitu, yenye karatasi za rangi na maelezo ya hatua kwa hatua, tukaketi Jumapili baada ya kanisa. Mwende akipaka gundi, nilimwambia hapana, si hapo, angalia picha. Baada ya mara ya tatu au ya nne aliweka brashi chini kwa adabu. Alisema, "Anti haanzangi na hapana." Akaenda kukunja nguo zake. Katoni yako niliitupa mwenyewe, mvua ilipoingia jikoni na kuilowesha, na sikumuuliza mtoto kama kulikuwa na kitu anachotaka humo.

Sasa ana miaka tisa. Anaongea sana, kama ulivyoniambia ataongea. Likizo ya Agosti mwaka huu nilikuwa nakata mboga, yeye anaandika kazi ya shule mezani, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, zile shanga ulizifungua zote. Ulikuwa unatafuta nini?"

Kwa miaka yote nilikuwa nimemwambia ulirudi nyumbani kumtunza mama yako. Niliona siwezi kuongeza uongo mwingine juu ya huo. Nilimwambia habari ya cheti, na ya saiba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na ulimwambia Anti umekipata?"

Jumamosi iliyofuata tulienda Loitokitok, mimi na yeye. Nilikuwa najua tu yale niliyokuwa nikiyasikia nusu nusu ulipokuwa ukimsimulia Mwende, kwamba kwenu ni chini ya mfereji wa maji, karibu na kanisa la mabati ya buluu, mahali wanapolima nyanya. Tuliuliza wanawake waliokuwa wakipanga vitunguu sokoni. Mmoja alitupeleka hadi mlangoni kwenu.

Mama yako alitusalimia, "Takwenya," nami sikujua jibu. Mwende ndiye aliyejibu. Sijui ulimfundisha lini. Yeyo, kama mnavyomwita mama yako kwa Kimaasai, alimwangalia, akasema huyu ndiye Mwende, nami sikuwa nimemtaja jina. Alituingiza, akatupa chai ya maziwa mengi. Alisema umeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarakea, Tanzania, unafundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa, na kwamba simu ya huko ni ya kubahatisha. Kitambulisho ulikuwa umekipata hatimaye. Alikuwa na furaha ya kuniona. Alinishika mkono kama mtu mwenye deni la shukrani kwangu.

Nilishindwa kuelewa mpaka aliponieleza mwenyewe. "Alituambia mtoto ameingia darasa la kwanza, kwa hivyo kazi iliisha vizuri," alisema. "Akasema mwajiri wake alimwandikia barua nzuri ya kumshukuru, lakini ilinyeshewa njiani. Sikuiona. Lakini nilisimama kanisani nikaisema."

Resiato, hiyo barua sikuiandika. Ulirudi kwenu mikono mitupu na aibu yangu mgongoni, na badala ya kuitua mbele ya mama yako ulinitengenezea jina jema.

Nilimwambia Yeyo ukweli wote, Mwende akiwa ameketi karibu yangu. Nilimwambia ya mkufu, ya cheti, na ya simu ambayo sikupiga. Aliweka kikombe chini. Kuku wakaingia na kutoka. Sikutarajia anisamehe na hakusema amenisamehe. Alisema hivi:

"Hiyo barua tumeshawaambia watu. Sasa iandike."

Basi ndiyo hii, na imekuja imechelewa miaka minne. Naiandika isomwe mbele ya watu kwa sababu mama yako aliisema mbele ya watu, na sitaki awe ameitangaza bure.

Resiato alifanya kazi kwangu miaka miwili. Hakuniibia wala hakuniharibia kitu. Cheti cha mwanangu nilikisahau mimi. Nilikipata siku tatu baada ya kumfukuza, nami nikakaa kimya kwa wivu, kwa sababu mwanangu alimpenda. Alimkuta mtoto asiyesema, akamwacha akisema. Alimfundisha kutumia mikono yake, bila kuvunja moyo wake. Kwa hayo namshukuru. Ashe oleng.

Uwe na afya huko uliko, pamoja na watoto unaowafundisha.

Mama Mwende,
Kitengela